Kujifunza Kiinimacho cha Karata Vitabuni

Kiinimacho cha karata ni tawi la mazingaombwe linalotegemea vitu viwili tu: jozi ya kawaida ya karata 52 na mikono ya mchezaji. Karata aliyoichagua mtazamaji hupotea ndani ya jozi kisha ikaibuka juu. Ree nne zilizotawanywa mahali mbalimbali hukutana. Karata nyekundu iliyofunikwa kwa kiganja hufunuliwa ikiwa nyeusi. Yote hufanywa kwa mbinu za vidole ambazo mtazamaji hazioni, hata akiwa amekaa karibu kabisa.

Sanaa hii huishi kwa siri, lakini siri zake zimekuwa zikichapishwa vitabuni kwa zaidi ya miaka 400, na mabingwa wake wengi walijifunza kwa kusoma. Hata hivyo haikufa, kwa sababu siri ni sehemu ndogo ya mchezo. Kuijua huchukua dakika chache. Kuufundisha mkono uitekeleze bila kushtukiwa huchukua miezi na miaka. Vitabu vizuri vya karata vimeandikwa kwa ajili ya kazi hiyo ndefu, na anayevifungua akitafuta siri peke yake huvifunga bila faida kubwa.

Vitabu vya mwanzo

Mwaka 1584 Reginald Scot, bwana mmoja wa jimbo la Kent nchini Uingereza, alichapisha The Discoverie of Witchcraft. Hakukusudia kufundisha mazingaombwe. Wakati huo watu, wengi wao wanawake wazee na maskini, walikuwa wakishtakiwa kwa uchawi na kunyongwa, na Scot alitaka kuonyesha kwamba mengi yaliyohesabiwa kuwa uchawi yana maelezo ya kawaida. Kwa hiyo katika sehemu moja ya kitabu alieleza jinsi wachezaji wanavyoficha mipira, sarafu na karata mikononi. Mwaka huohuo, mjini Lyon nchini Ufaransa, Jean Prévost alitoa kitabu chake cha michezo ya aina hiyo. Hoja ya Scot inaeleweka vizuri Afrika Mashariki, ambako mpaka leo tuhuma za uchawi huwagharimu wazee maisha yao. Aliyewahi kujifunza kuficha karata kiganjani anajua jinsi jambo linaloonekana halina maelezo linavyoweza kuwa na maelezo mepesi.

Vitabu vya kufundisha hasa vilishamiri katika karne ya 19. Jean-Eugène Robert-Houdin, mtengeneza saa wa Blois, Ufaransa, aliyezaliwa mwaka 1805, alisimulia katika kumbukumbu zake kwamba alikwenda kununua kitabu cha utengenezaji wa saa, muuzaji akampa kwa makosa kitabu cha maajabu ya sayansi na mazingaombwe. Kilieleza michezo, lakini hakikueleza mkono ufundishwe vipi. Ikabidi amlipe mtu wa mjini kwao amfundishe kurusha na kudaka mipira ili vidole vyake vipate wepesi. Alikuja kuwa mwanamazingaombwe mashuhuri kuliko wote Ufaransa, na mwaka 1868 akatoa kitabu chake mwenyewe, Les Secrets de la prestidigitation et de la magie, ambamo alishughulikia jambo lililomkwaza ujanani: mazoezi ya mkono na mwenendo wa mchezaji mbele ya watu.

Miaka minane baadaye, mwaka 1876, wakili wa London aitwaye Angelo John Lewis alichapisha Modern Magic kwa jina la Professor Hoffmann. Lewis alianza na kanuni kabla ya michezo. Watazamaji wasiambiwe mapema kitakachotokea, na mchezo usirudiwe mbele ya watu walewale usiku uleule, kwa kuwa anayejua kitakachotokea anajua pia pa kutazama na wakati wa kutazama. Baada ya hapo alifundisha namna ya kuzishika karata na kuzichezesha, ndipo akafika kwenye michezo yenyewe. Mpangilio huo wa kanuni, mbinu, kisha mchezo, umefuatwa na waandishi wengi tangu wakati huo.

Erdnase

Kitabu cha karata kilichosomwa kwa makini kuliko vyote kilitoka Chicago, Marekani, mwaka 1902. Kinajulikana kama The Expert at the Card Table, na jina la mwandishi lililoandikwa juu yake ni S. W. Erdnase. Jina hilo ni la kubuni. Likisomwa kinyumenyume linatoa E. S. Andrews. Watafiti wamelifuatilia kwa miongo mingi bila kukubaliana ni nani aliyeandika. Mchoraji wake, Marshall D. Smith, alichora picha zaidi ya 100 za mikono ikiwa kazini.

Sehemu ya kwanza ya kitabu inaeleza ulaghai wa meza za kamari: kugawa karata ya chini ya jozi huku ikionekana ni ya juu, kuchanga bila kuvuruga mpangilio, kukata jozi kisha kuirudisha ilivyokuwa. Sehemu ya pili inaeleza mazingaombwe na kumalizia na michezo kamili yenye maneno ya kusemwa. Lugha yake imebana. Sentensi moja inaweza kutaja vidole vinne, pembe mbili za jozi na mwelekeo wa msukumo, na anayeruka neno moja hupotea. Pamoja na ugumu huo, kitabu kimeendelea kuchapishwa kwa zaidi ya karne, na kwa kuwa haki zake za uchapishaji zimekwisha nchini Marekani, nakala zake husomwa bure kwenye intaneti.

Thamani yake kubwa iko katika fikra. Erdnase alisisitiza kwamba mchezaji azishughulikie karata kwa namna ileile wakati wote. Akikata jozi kwa kweli na akikata kwa hila, mikono ionekane inafanya jambo moja. Mtazamaji hutambua hila kwa kuona badiliko, kwa hiyo kazi ya mchezaji ni kuondoa badiliko. Mwandishi pia hakuona haya kukiri udhaifu wa ufundi wake. Kuhusu mbinu ya kubadilishana kwa siri nusu ya juu na nusu ya chini ya jozi, ambayo ilisifiwa sana enzi zile, aliandika kwamba bado haujabuniwa mtindo wa kuifanya usiotoa dalili yoyote. Ukweli wa aina hiyo humsaidia mwanafunzi kuliko sifa.

Msomaji mashuhuri wa Erdnase alikuwa Dai Vernon, Mkanada aliyezaliwa Ottawa mwaka 1894. Alianza kukisoma kitabu hicho utotoni na kukichambua maisha yake yote, mpaka mwaka 1984, akiwa na miaka 90, yalipochapishwa maelezo yake juu ya kitabu hicho. Mwaka 1922, mjini Chicago, alimfanyia mwanamazingaombwe Harry Houdini mchezo ambao karata inayotiwa ndani ya jozi hurudi juu. Houdini, aliyewahi kujitangaza kuwa mfalme wa karata, alijigamba kwamba mchezo wowote akionyeshwa mara tatu ataugundua. Vernon aliurudia kupita mara hizo, na Houdini hakuugundua. Fundisho ambalo Vernon alilirudia kwa wanafunzi wake mpaka alipofariki mwaka 1992 ni fupi: mikono iwe ya kawaida, isiyojikaza.

Vitabu vya ngazi kwa ngazi

Erdnase hakumwandikia anayeanza. Pengo hilo lilizibwa na Jean Hugard, mwanamazingaombwe mzaliwa wa Australia, na mwenzake Mmarekani Frederick Braue. Mwaka 1940 walitoa Expert Card Technique kwa wajuzi, na mwaka 1948 wakatoa The Royal Road to Card Magic kwa wanaoanza. Kitabu cha pili kina utaratibu ambao walimu wengi wamekuja kuuiga: kila sura hufundisha mbinu moja, kisha hutoa michezo inayoitumia mbinu hiyo na zile zilizotangulia. Mwanafunzi huanza na kuchanga, jambo ambalo kila mcheza karata amelizoea, na huko huonyeshwa jinsi karata fulani inavyoweza kubaki juu au chini ya jozi wakati nyingine zinachanganyika. Kuficha karata kiganjani huja katika sura ya saba, kunyanyua karata mbili kama moja huja katika ya kumi na moja, na ile mbinu ngumu ya kubadilisha nusu za jozi hufuata. Ni kama mtoto wa chuoni anayetamka alifu na be kabla ya kufunguliwa juzuu: kila hatua inabeba inayofuata.

Mwishoni mwa karne ya 20 Roberto Giobbi, Mswisi aliyezaliwa Basel mwaka 1959, alikusanya maarifa hayo katika kozi moja kubwa. Ilianza kutoka kwa Kijerumani mwaka 1992, na kwa Kiingereza inaitwa Card College, yenye juzuu tano. Giobbi hueleza mbinu, kisha huongeza mambo ambayo vitabu vya zamani viliyaacha: mwanafunzi atazame wapi, aseme nini wakati huo, makosa yanayotokea mara kwa mara na jinsi ya kuyarekebisha.

Vitabu hufundisha nini

Msingi wa yote ni kushika jozi. Katika mshiko wa kugawa, jozi hulala mkono wa kushoto, gumba likiwa juu au ubavuni, kidole cha shahada kikikaa mbele na vidole vitatu vikishika ubavu wa kulia. Mshiko huo huruhusu kidole kidogo kushika mwanya mwembamba ndani ya jozi, usioonekana kwa mbele, unaomwonyesha mchezaji mahali karata fulani ilipo. Mbinu nyingi hutegemea mwanya huo.

Kutoka hapo mbinu huingia katika mafungu machache. Lipo fungu la kuiongoza karata, yaani kuhakikisha iliyorudishwa na mtazamaji inafika juu au chini ya jozi. Lipo la kumfanya mtazamaji achukue karata iliyokusudiwa huku akiamini amechagua mwenyewe. Lipo la kuchungulia karata kwa siri, la kuificha kiganjani, la kubadilisha moja kwa nyingine, na la kuchanga na kukata kwa uongo. Mbinu ya kunyanyua karata mbili kama moja ndiyo inayobeba michezo mingi zaidi. Mchezaji huonyesha karata ya pili kana kwamba ndiyo ya juu, huzirudisha zote mbili, kisha huichukua ile ya juu kweli na kuitia katikati. Mtazamaji anaamini karata aliyoiona imezama, kumbe iko juu bado.

Mchezo mmoja rahisi unaonyesha jinsi kitabu kizuri kinavyofundisha zaidi ya siri. Mchezaji anapomaliza kuchanga, huiona karata ya chini kabisa, tuseme saba ya kopa. Mtazamaji huchagua karata yoyote, huitazama na kuiweka juu ya jozi. Jozi hukatwa mara moja, na nusu ya chini huwekwa juu. Sasa saba ya kopa imeangukia moja kwa moja juu ya karata iliyochaguliwa. Jozi inaweza kukatwa tena na tena na karata hizo mbili zikabaki jirani, kwa sababu kukata huzungusha mpangilio bila kuuvunja. Kama mkato utaangukia katikati yao, moja itakuwa ya mwisho na nyingine ya kwanza. Karata zikigawiwa moja moja kutoka juu huku zikifunuliwa, ile inayofuata saba ya kopa ndiyo inayotafutwa.

Siri inaishia hapo, na mtoto wa shule anaweza kuikariri. Kitabu kizuri kinaendelea. Kinamwambia mwanafunzi asisimame anapoiona karata. Aipite na kuendelea na nyingine kadhaa kwa mwendo uleule, kwa kuwa mkono unaositasita ndio unaotoa siri. Kinamshauri aiangalie saba ya kopa wakati anaipanga jozi mezani, kabla mchezo haujatajwa, ili mtazamaji asiikumbuke hatua hiyo kama sehemu ya mchezo. Kinamfundisha pia kumpa mtazamaji maelezo mengine ya kuamini: amshike kifundo cha mkono kana kwamba anasikiliza mapigo ya damu, kisha arudi kwenye karata aliyoipita. Mambo hayo ndiyo yanayogeuza hesabu ndogo kuwa tukio la kushangaza.

Namna ya kukisoma

Kitabu cha karata husomwa jozi ikiwa mkononi. Sentensi moja husomwa, kitendo kinafanywa, kisha sentensi inasomwa tena kuhakikisha kila kidole kiko mahali pake. Kusoma sura nzima kwanza kwa kuburudika hakuna ubaya, lakini maana ya sentensi kama ile inayosema kidole cha pete kisukume pembe ya ndani ya kulia haieleweki mpaka pembe hiyo iguswe. Michoro husaidia kuhakiki. Huonyesha kituo kimoja cha safari, na maandishi hueleza safari yenyewe. Waandishi wengi huelekeza kwa mtu anayetumia mkono wa kulia, kwa hiyo mwenye kutumia kushoto huamua mapema kama atageuza maelekezo yote au atajizoeza mpangilio wa kitabu.

Karata zenyewe zina umuhimu. Jozi za plastiki za bei nafuu huteleza hovyo au kugandana, na mwanafunzi hudhani kosa ni lake. Karata za karatasi ngumu zenye upana wa takribani milimita 63 na urefu wa milimita 88 ndizo zinazotumiwa zaidi na wachezaji wa Marekani na kwingineko, hasa zile za Bicycle, zilizoanza kutengenezwa mwaka 1885. Mpaka mweupe unaozunguka mgongo wake unamfaa mwanafunzi, kwa sababu karata iliyogeuzwa ndani ya jozi haionekani kwa urahisi pembeni. Mwenye vidole vifupi anaweza kuanza na karata nyembamba za milimita 57.

Kabla ya kujizoeza hila, mwanafunzi anapaswa kujitazama akifanya kitendo halisi kinachoigwa. Anayetaka kujifunza kunyanyua karata mbili kama moja ajitazame kwanza jinsi anavyonyanyua karata moja: kidole gani kinaanza, mkono unasogea kiasi gani, karata inalala vipi ikishageuzwa. Hila ifuate sura hiyo. Wanaoanza na hila huishia kuwa na namna mbili za kunyanyua karata, na watazamaji huzitofautisha hata kama hawajui kwa nini.

Polepole huja kabla ya haraka. Ipo imani kwamba kiinimacho hutokana na mkono kuwa na kasi kuliko jicho. Si kweli. Jicho huona mwendo wa ghafla kwa urahisi, na mkono unaokwenda kasi huita macho. Mbinu hufanywa polepole mpaka ikae sawa, kisha huachwa ifikie mwendo wa kawaida wa mkono na kusimama hapo. Kurudia kosa kwa kasi hulijenga kosa. Vipindi vifupi vya kila siku hufaa kuliko kikao kirefu cha mara moja kwa wiki, kwa kuwa vidole vilivyochoka hujifunza kujikaza.

Kioo husaidia kuona mbinu kwa upande wa mtazamaji, lakini kina mtego wake. Anayejizoeza mbele ya kioo mara nyingi hufumba macho sekunde ileile ya hila, au huikodolea mikono yake, na mazoea hayo humfuata jukwaani. Dawa ni kufanya mazoezi pia bila kutazama mikono kabisa, huku akizungumza kwa sauti. Simu yenye kamera hukamilisha kazi hiyo, kwa sababu picha inayotazamwa baadaye huonyesha hata kufumba macho.

Kuongoza mawazo

Vidole vikishatulia, vitabu humgeuza mwanafunzi kuelekea watu walio mbele yake. Mtazamaji hawezi kushughulikia kila kitu kwa wakati mmoja, na mchezaji hutumia ukweli huo. Mwaka 1999 wanasaikolojia Daniel Simons na Christopher Chabris wa Marekani walionyesha jinsi ulivyo na nguvu: walipowaomba watu wahesabu pasi za mpira katika filamu fupi, karibu nusu yao hawakumwona mtu aliyevaa kama sokwe akipita katikati ya wachezaji. Macho yalikuwa wazi, lakini mawazo yalikuwa kwenye kuhesabu. Wanamazingaombwe walilifahamu hilo zamani kwa uzoefu. Swali huulizwa wakati mkono unapohitaji kufanya hila, kwa kuwa anayeulizwa humtazama muulizaji usoni. Hila pia hufanywa wakati watu wanapocheka au wanapodhani mchezo umekwisha, kwani hapo uangalifu hulegea.

Juan Tamariz wa Madrid, aliyezaliwa mwaka 1942, aliandika kitabu kizima kuhusu vyombo vitano vya mchezaji: macho, mikono, sauti, mwili na miguu. Alieleza kwamba mtazamaji hutazama anapotazama mchezaji. Mchezaji akiitazama sarafu au karata, watu huitazama. Akiwatazama watu, nao humtazama yeye. Mwanafunzi anayeficha karata kiganjani huku akikikodolea kiganja hicho anawaonyesha wote mahali ilipo. Darwin Ortiz wa Marekani, katika Strong Magic ya mwaka 1994, alisisitiza upande mwingine: mbinu safi haitoshi kama watazamaji hawajali kitakachotokea. Mchezo lazima uwe na jambo la kulisubiri.

Wanafunzi ambao hawakuandikiwa vitabu

Vitabu vya karata huchukulia kwamba msomaji ana mikono miwili. René Lavand, aliyezaliwa Argentina mwaka 1928, alipoteza mkono wa kulia akiwa na miaka tisa baada ya kugongwa na gari. Hakukuwa na kitabu cha mtu kama yeye. Ilimbidi atafute mwenyewe njia ya kuchanga, kuficha na kubadilisha karata kwa mkono wa kushoto peke yake. Alikuwa mmoja wa wachezaji wa karata walioheshimiwa zaidi duniani mpaka alipofariki mwaka 2015, na alijenga jina lake kwa kufanya michezo polepole sana, akiambatanisha hadithi. Maisha yake yanaonyesha kwamba maelekezo ya kitabu ni njia ya kufikia matokeo. Anayeelewa kwa nini kidole kinawekwa mahali fulani anaweza kukiweka pengine na bado akafika.

Persi Diaconis, aliyezaliwa New York mwaka 1945, alitoka nyumbani akiwa na miaka 14 kusafiri na Dai Vernon. Maswali kuhusu karata na bahati yalimfikisha kwenye kitabu cha nadharia ya uwezekano cha William Feller, ambacho hakukiweza kwa kukosa hisabati. Akarudi shule ili akisome, na hatimaye akawa profesa wa takwimu na hisabati katika Chuo Kikuu cha Stanford. Mwaka 1992 yeye na Dave Bayer walichapisha uchambuzi unaoonyesha kwamba jozi ya karata 52 huhitaji kuchangwa takribani mara saba, kwa kupachanisha nusu mbili, ndipo ichanganyike vya kutosha. Wachezaji walijua upande wa pili wa jambo hilo: anayeweza kupachanisha nusu mbili kikamilifu, karata moja hapa na moja pale, huku ya juu ikibaki juu, huirudisha jozi kwenye mpangilio wake wa awali baada ya mara nane.

Kitabu na video

Leo mafunzo mengi ya karata hupatikana kwa video. Video ina faida ya wazi: huonyesha mwendo na wakati, mambo ambayo maandishi huyaeleza kwa shida. Mwanafunzi aliyekwama kwenye sentensi ya Erdnase anaweza kuelewa kwa sekunde kumi akiona mkono ukisogea. Hata hivyo, anayejifunza kwa video peke yake huelekea kunakili mkono wa mwalimu, pamoja na maneno yake na ishara zake. Kitabu humlazimisha kujenga mwendo kutokana na maelezo, na kwa kuwa mikono haifanani, matokeo huwa ya kwake. Kitabu kizuri pia hueleza sababu, humtaja aliyebuni, na hupanga masomo kwa ngazi, wakati video za mitandaoni mara nyingi huja moja moja bila mpangilio. Njia yenye manufaa ni kuanza na kitabu, kujaribu mpaka mwisho wa uwezo, kisha kutumia video kuhakiki kilichoeleweka vibaya.

Mipaka ya uaminifu

Mbinu za karata zinaweza kufurahisha watu au kuwaibia. Erdnase mwenyewe alieleza karata tatu, mchezo uleule ambao matapeli wa mitaani na vituo vya mabasi Afrika Mashariki huutumia kuwanyang'anya wapita njia fedha zao. Anayeisoma sehemu hiyo hujua kwamba mtazamaji hawezi kushinda, kwa kuwa karata hubadilishwa inaporushwa, na wanaoonekana wakishinda ni washirika wa mchezeshaji. Maarifa hayo yatumike kuwakinga watu. Mwanamazingaombwe hudanganya kwa ridhaa ya anayetazama, na mwisho wa mchezo hakuna aliyepoteza kitu.

Wachezaji pia hushika miiko miwili ya taaluma. Siri huelezwa kwa anayetaka kujifunza na aliye tayari kufanya kazi, na haimwagwi ili kumridhisha aliyeuliza kwa udadisi wa dakika moja, kwa sababu maelezo hayo humwondolea mshangao bila kumpa ujuzi. Na aliyebuni mbinu hutajwa. Vitabu vizuri huonyesha wazo lilitoka kwa nani na nani aliliboresha.

Anayetaka kuanza hahitaji maktaba. Kitabu kimoja cha ngazi kwa ngazi, jozi mbili za karata na muda mfupi wa kila siku vinatosha kwa mwaka wa kwanza. Michezo mitatu au minne iliyokomaa, yenye mbinu tofauti na maneno ya mchezaji mwenyewe, ina thamani kuliko thelathini anayoijua nusunusu. Hiyo ikishakaa, ndipo afungue Erdnase. Sentensi zilizokuwa ngumu zitaanza kueleweka, kwa kuwa sasa vidole vinajua vinachosomewa.